Paa la uwanja limejengwa, watu wamekaa pembeni. Kosa liko wapi?

#1 Ramani254
Salamu wadau. Mimi ni mchoraji ramani, si msanifu mwenye muhuri, kwa hiyo msinirushie mawe mapema. Kamati ya mtaa wetu (Eastlands ya Nairobi, jina naliacha) imeniomba nitoe mchoro wa kwanza wa paa jipya la uwanja wa soko na mikutano. Baadaye msanifu na injinia waliosajiliwa watauchukua.

Shida ni kwamba paa tunalo tayari. Lina miaka tisa. Mita 12 kwa 24, mabati geji 30 juu ya kenchi za chuma, nguzo nane, sakafu ya konkriti, ukingo uko mita 6 kutoka chini. Upande mrefu umelala kaskazini-kusini, sambamba na barabara. Pande tatu zina reli ya chuma ya kufika kiunoni. Na hakuna anayekaa hapo! Jumamosi iliyopita nilikaa kwa mama wa chai kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili nikihesabu. Saa kumi, chini ya paa kulikuwa na watu 4 na bodaboda 11. Ng'ambo ya kichochoro, wamebanana kwenye ukuta wa duka la hadwea, nilihesabu 37. Nyanya zimepangwa pale, viatu vinashonwa pale, siasa inapigwa pale pale.

Kwa nini? Nataka kujua kabla sijarudia kosa lile lile kwa pesa ya umma.

#2 Mkaa_Steji
Bodaboda 11 zina wenyewe. Sisi si watu? Hesabu upya, mkuu.

#3 Fundi_Kamukunji
Jibu ni mabati, hata usihangaike. Marehemu baba alikuwa fundi wa masanduku Kamukunji. Waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi bila kitu juu ya kichwa. Vibanda vya mabati vilipokuja katikati ya miaka ya 80, baada ya Rais Moi kuwatembelea, mzee alikuwa akisema jua halikuondoka, lilipanda tu likakaa juu ya paa likawangojea.

Geji 30 bila dari ni kikaango. Jua linapasha bati, bati linakupasha wewe utosini. Weka dari ya mbao chini yake, acha nafasi ya futi moja hivi hewa ipite katikati, na juu kwenye mgongo wa paa uache pengo lenye kofia ili joto litoke. Hapo utakaa.

#4 Korona_Bado
Namuunga mkono fundi. Nina kile kipimajoto cha paji la uso cha enzi za korona. Siku moja saa nane mchana nilikielekeza juu, kwenye bati la banda langu la kuku, kikaandika "Hi". Mke wangu akasema kinakusalimia. Kumbe vile vimetengenezwa kwa mwili wa binadamu, joto likipita nyuzi 43 hivi havisalimii, vinasalimu amri.

#5 Bint_Pwani
Nyinyi watu wa bara mna vituko. Mombasa hatukujenga kwanza halafu tukauliza mbona watu hawaji. Tuliangalia watu wanakaa wapi, tukapaita jina: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku. Sijasikia mtaa unaoitwa Mabati Tayari.

Ezekeni makuti muone. Na kitu hicho sakafuni kinaitwa zege.

#6 Mkaa_Steji
Dada, Mabatini ipo. Panda matatu ya Mathare.

#7 Mzee_Nondo
Hahaha, Mabatini imemnyamazisha.

Nimesimamia maeneo ya ujenzi miaka 31. Binti yangu #5, makuti nayapenda, yanapumua na hayapigi kelele. Lakini chini ya paa la soko kuna jiko la chapati, jiko la mahindi na mtu wa sigara. Cheche moja tu. Halafu makuti yanaliwa na mvua na panya, kila baada ya miaka michache unaezeka upya. Mkahawa una bajeti ya hiyo kazi. Uwanja wa umma nani atakumbuka? Chagua kitu ambacho kikisahauliwa miaka kumi bado kimesimama, kwa sababu kitasahauliwa.

#8 Mwalimu_Jio
Wote mmelitazama paa. Litazameni jua.

Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Jua linapanda karibu wima upande wa mashariki na kushuka karibu wima magharibi. Adhuhuri ya kweli kwetu ni kama saa sita na nusu, maana saa za Kenya zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko karibu na 37. Machi na Septemba, kila saa moja baada ya hapo jua linashuka nyuzi 15 hivi. Saa kumi na moja jioni limebaki nyuzi 22 na nusu juu ya upeo wa macho.

Sasa chukua vipimo vya #1. Ukingo uko mita 6. Jua la nyuzi 22 na nusu linasukuma kivuli cha kitu chenye kimo hicho umbali wa mita 14 na nusu. Paa lina upana wa mita 12 tu kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa hiyo saa kumi na moja kivuli chote, chote kabisa, kimetoka chini ya paa na kulala nje upande wa mashariki. Saa kumi kilikuwa kimeshahama karibu mita 8, ukabakiwa na kaukanda ka mita 4. Bodaboda zako 11 zilikuwa zimepangwa kwa mstari, sivyo?

Lingelala mashariki-magharibi, kivuli kingehama mita zile zile 14 na nusu, lakini kwenye urefu wa mita 24, kwa hiyo mngebaki na mita 9 na nusu. Ukishusha ukingo uwe mita 3 na nusu, kivuli kinahama mita 8 na nusu tu. Weka kiambaza cha mbao zilizoachana upande wa magharibi na jioni imetulia. Kaskazini na kusini msihofu sana. Juni jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, Desemba kusini, ila kwa kimo cha mita 6 kivuli kinahama chini ya mita 3.

#9 Ramani254
Mwalimu, umeninyima usingizi. Ni kweli, zilikuwa kwa mstari! Upande wa mashariki, tairi la mbele likigusa reli.

Leo asubuhi nimepita saa mbili. Mpangilio ni huu: magharibi kuna ukuta wa duka, halafu kichochoro cha mita 8, halafu paa, halafu barabara. Saa mbili asubuhi kivuli cha paa kinavuka kichochoro na kupanda ukutani. Watu wamo ndani ya kivuli cha paa, lakini hawako chini ya paa. Mchana jua likihamia nyuma ya duka, duka lenyewe linawapa kivuli mahali pale pale. Hawana haja ya kuhama kutwa nzima. Na jioni kivuli cha paa kinakwenda barabarani, kwa matatu.

Kwa hiyo paa linafanya kazi, ila si kwa aliye chini yake.

#10 Mkaa_Steji
Matatu zimejengewa kivuli na pesa ya umma. Nairobi hii.

#11 Mama_Mitumba
Mwalimu amesema vizuri, lakini nina swali. Siku za mawingu je? Wiki nzima hakuna jua, na bado hatukai pale.

Mimi nauza nguo za watoto kwenye uwanja kama huo, mtaa mwingine. Ramani254 umeitaja reli ukaipita haraka. Reli pande tatu ni mlango mmoja. Askari wakija upande huo, mimi na mzigo wangu nakimbilia wapi? Niruke chuma na bale mgongoni? Ukutani naweza kutoka kushoto, kulia, au nikaingia dukani nikawa mteja. Mchuuzi anachagua mahali kwa kuangalia anapotokea, kivuli baadaye. Muulizeni yeyote wa soko la Muthurwa.

#12 Mtaa_Safi
Reli iliwekwa kuzuia magari na bodaboda.

#13 Mama_Mitumba
@Mtaa_Safi na bodaboda ziko ngapi ndani? Soma #1.

#14 Shosho_wa_Simu
Wajukuu, mimi nawasoma tu lakini leo niandike. Nakaa karibu na uwanja huo, nimeutambua kwa duka la hadwea. Kabla ya paa palikuwa na mti, jakaranda kubwa, na chini yake jiwe la kukalia. Hapo ndipo tulipokuwa tukikutana kwa matanga, kwa chama, kwa habari za maji yamerudi au hayajarudi. Mkandarasi alikuja Jumatatu, Jumanne mti ukawa kuni. Jiwe walilibingirisha hadi ukutani.

Sisi tulifuata jiwe.

#15 Ramani254
Shosho, jiwe bado lipo pale. Mama wa chai analiwekea birika.

#16 Msumari
Miti ni mizuri kwenye hadithi. Jakaranda ikitoa maua Oktoba, lami inateleza kama sabuni, na haikuzuii mvua kubwa hata dakika kumi. Nandi flame inadondosha matawi. Mugumo unainua vigae vyote.

#17 Bint_Pwani
Mugumo huohuo ndio ulioshinda barabara kuu mwaka 2020, pale Waiyaki Way. Walikuwa waung'oe kupisha ujenzi, watu wakapiga kelele mpaka agizo la rais likatoka uachwe. Paa lako la mabati likibomolewa nani atalia?

#18 Fundi_Kamukunji
Muuza mabati.

#19 Baridi_Julai
Nashangaa hakuna aliyesema neno hili: Julai. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti watu hawatafuti kivuli, wanatafuta jua. Nendeni uwanja wa KICC, lile jumba la mikutano la Kenyatta, saa saba mchana mwezi Julai, wafanyakazi wa ofisi wamesimama wameelekeza nyuso juu kama alizeti. Paa linaloziba kila kitu ni friji miezi mitatu ya mwaka. Labda hiyo ndiyo sababu watu waliacha kukaa, mazoea yakabaki.

Ningekuwa mimi ningefunika nusu tu, nusu ikawa wazi, na viti viwe vya kusogezwa.

#20 Mtaa_Safi
Viti vya kusogezwa Nairobi? Vitasogezwa hadi soko la Gikomba.

#21 Umra_Mara_Mbili
Baridi_Julai, jibu lako liko Madina. Nje ya Msikiti wa Mtume kuna miavuli mikubwa 250, jua likichomoza inafunguka, usiku inajifunga kama maua. Nimekaa chini yake. Juu yake ni kitambaa, na nguzo ndiyo yenye mashine ndani. Inawezekana.

#22 Mzee_Nondo
Inawezekana Madina. Hapa taa ya barabarani ikiungua balbu inangoja uchaguzi, sembuse mwavuli wenye mota.

Ila wazo la mwavuli usilitupe. Kuna mwavuli wa konkriti (samahani Bint, wa zege). Félix Candela aliijenga mingi sana Meksiko miaka ya 50: nguzo moja katikati, juu ganda jembamba lililopinda kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, maji yanakusanyika katikati na kushuka kwa bomba ndani ya nguzo. Hakuna gata za pembeni za kuziba. Ukisimamisha sita kwa kupishana kimo, unapata hewa katikati yake. Shida ni ubao wa kumwagia. Fundi mbao wa kazi hiyo ni wachache na wanajua bei yao.

#23 Picha_Ramani
Kama ni maganda, Lisbon wana paa la zege lililoning'inia kama turubai kati ya baraza mbili zenye nguzo, banda la Ureno la Expo 98, kazi ya Álvaro Siza. Unene sentimita 20. Na Marseille bandarini Foster aliweka bamba la chuma linalong'aa kama kioo, mita 46 kwa 22, nguzo nane nyembamba tu. Unatazama juu unajiona unatembea kichwa chini. Na Seville kuna lile dude la uyoga wa chuma juu ya soko.

#24 Msumari
Lile la Seville ni mbao, si chuma. Mbao za kubandikwa tabaka kwa gundi, mchoro wa Jürgen Mayer, likafunguliwa 2011. Na kabla ya kulisifu kumbuka gharama ilivyopaa, kwa sababu mchoro wa kwanza ulipofika kwa wahandisi ilibidi watafute upya namna ya kuusimamisha. Ramani254, usichore kwanza halafu uite injinia kulia naye. Mwite sasa.

#25 Picha_Ramani
Asante kwa sahihisho. Nililiona kwa picha tu.

#26 Mama_Mitumba
Kioo juu ya soko? Nitauza nguo au nitatengeneza nywele?

#27 Gata_Imeziba
Nyote mnaongea jua, hakuna anayeongea mvua. Masika ndiyo mtihani.

Tone kubwa la mvua linaanguka kwa kasi ya mita 8 hivi kwa sekunde. Upepo wa kasi hiyo hiyo, kama kilomita 29 kwa saa, unailaza mvua nyuzi 45. Kwa ukingo wa mita 6, mvua inaingia ndani mita 6. Upana wako ni mita 12, kwa hiyo nusu ya sakafu imelowa na paa halijavuja hata tone. Ndiyo maana siku za mawingu hawakai, Mama_Mitumba: wamewahi kuloweshewa mzigo, hawarudii.

Halafu kelele. Mvua ya Nairobi juu ya geji 30 bila dari, hata mhubiri mwenye spika anafunga Biblia.

Na maji yenyewe unayapeleka wapi? Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni mita za mraba 288. Mvua ya milimita 30, ambayo kwa Aprili si ajabu, ni lita 8,640, karibu tangi zima la lita 10,000. Kwa sasa yanamwagika wapi?

#28 Ramani254
Kwenye kichochoro. Kuna mtaro, umejaa maganda ya mahindi.

#29 Gata_Imeziba
Basi umejijibu. Weka tangi, uweke na choo kinachotumia maji hayo. Soko lenye choo linakaliwa.

#30 Mtaa_Safi
Mita 6 ilichaguliwa ili lori la mchanga lipite wakati wa ujenzi, nawahakikishia. Nimeona mambo.

#31 Hema_Liliruka
Ngoja niwape la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikodisha hema kubwa la turubai kwa sherehe ya familia, mwenye hema simtaji. Usiku ikanyesha. Turubai lilikuwa limelegea katikati, maji yakatulia pale juu, likazidi kulegea, maji yakazidi kuja. Asubuhi palikuwa na tumbo kama la ng'ombe mwenye mimba. Binamu yangu akaona ni busara alisukume kwa ufagio kutoka chini. Mlingoti wa kona ukang'oka, maji yote yakashukia sufuria za pilau. Watu 200, pilau ya bwawa.

Tangu siku hiyo nikiona turubai bapa nasimama mbali. Labda na watu wa Ramani wana kumbukumbu kama hiyo.

#32 Fundi_Kamukunji
Pilau ya bwawa! Nimecheka hadi mteja ameondoka.

#33 Injinia_Udongo
Cheko zuri, lakini alichoeleza #31 ndicho kinachoangusha maturubai mengi. Sentimita 10 za maji ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na maji yanajiitia maji. Turubai la kudumu halikai bapa kamwe, linavutwa liwe na mipindo miwili inayokinzana kama tandiko la farasi, ndipo linakaza na maji yanakimbia. Lile la kituo cha mahujaji kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah, la 1981, limesimama kwa kanuni hiyo, mapembe ya kitambaa juu ya jangwa. Kitambaa chake ni nyuzi za kioo zilizopakwa teflon. Cha kawaida cha polista na PVC ni rahisi zaidi, ila kwa jua letu jiandae kukibadilisha baada ya miaka 15 au 20.

Na watu husahau kwamba paa la wazi halianguki tu, linaruka pia. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 48 kwa mita ya mraba. Mara 288 ni karibu tani 14 zikivuta kwenda juu. Gawa kwa nguzo nane, kila msingi unashikilia tani moja na robo tatu zisipae. Ramani254, msingi wako umechimbwa kwenye udongo gani?

#34 Ramani254
Mweusi. Ule unaong'ang'ania gumboot.

#35 Injinia_Udongo
Ndiyo hiyo, udongo wa pamba. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Msingi wa juujuu utapanda na kushuka kila mwaka, nguzo moja ikipanda kuliko mwenzake bati linafunguka. Chimba upite tabaka lote hilo, hata kama mkandarasi atanuna. Uangalie na sakafu ya paa la zamani, kama imeinuka katikati au imepasuka. Watu hawaweki meza mahali panapocheza.

#36 Ramani254
Imepasuka. Ufa unatoka nguzo ya tatu hadi ya sita. Nilidhani ni kazi mbovu tu.

#37 Mzee_Nondo
Na boliti, kijana. Chomelea nati zote baada ya kukaza. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu watu walikuwa wanafungua hadi minara ya umeme. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye, spana hazikuondolewa.

#38 Picha_Ramani
Mnisamehe kutoka nje ya mada kidogo, Baridi_Julai ameitaja KICC. Msanifu wake, Nøstvik, alitupa somo pale bila paa lolote: jengo lenyewe linakaa juu ya nguzo na kutoa kivuli kipana chini. Watu wanapumzika pale bila kuambiwa.

#39 Mwalimu_Jio
Nøstvik na David Mutiso. Tusimsahau Mutiso, ndiye aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali. Ujenzi 1967 hadi 1973. Na kwa kuwa tumefika huko, City Market ya mtaa wa Muindi Mbingu ina matao ya zege na madirisha ya juu, ndani mwanga upo bila jua kukupiga, joto linapanda. Soko la miaka ya 30 limetushinda sisi wa leo.

#40 Mkaa_Steji
City Market ina ndege pia. Mmesahau ndege. Kila paa Nairobi ni hoteli ya njiwa. Nendeni Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo mkaone marabu walivyopaka chokaa chini ya miti. Hata ungekuwa wewe ungekaa ukutani. Kenchi za Ramani ziko wazi, ndani yake kuna viota, mimi napaki pale kila siku nafuta kiti.

#41 Shosho_wa_Simu
Mwenye pikipiki amesema kweli. Njiwa wapo.

#42 Mkaa_Steji
Asante shosho. Mtu wa kwanza kuniita mwenye kitu humu ndani.

#43 Ramani254
Wadau, nimerudi baada ya wiki mbili, na mrejesho.

Nilipeleka uzi huu kwa kamati, nikausoma kwa sauti (pilau nikairuka). Wakakubali jambo moja dogo kabla ya mchoro wowote: kuondoa reli ya upande wa kichochoro, mita 24 zote, na kuning'iniza mikeka upande wa magharibi kuanzia mita 2 juu. Fundi alimaliza Alhamisi. Jumamosi nikarudi kwenye kiti changu.

Saa kumi: watu 19 chini ya paa, ukutani 24. Mama wa kwanza kuingia aliweka nyanya zake hatua moja tu ndani, pale reli ilipokuwa. Akatazama huku na huku, akasogeza gunia hatua nyingine. Saa kumi na nusu mkeka mmoja ukapeperuka, jua likampiga usoni, akahamia kwenye kivuli cha mkeka wa pili bila kusimama, anaburuta gunia kwa mguu. Saa kumi na moja wote walikuwa wamejipanga kwa umbo la mikeka kama wamechorewa chaki. Upande wa kenchi zenye viota hakuna aliyekaa. Kwenye ufa hakuna aliyekaa. Mbuzi wawili walikuja.

#44 Mama_Mitumba
Reli. Nilisema.

#45 Mwalimu_Jio
Reli? Wamejipanga kwa umbo la kivuli, dada yangu, soma tena.

#46 Gata_Imeziba
Subirini masika ndiyo mjue nani alisema.

#47 Fundi_Kamukunji
Bila dari hao 19 watarudi ukutani Februari. Bodaboda zilienda wapi?

#48 Ramani254
Zilihamia ukutani. Kivuli kizuri, wanasema.

#49 Shosho_wa_Simu
Na mti je, mjukuu?

#50 Ramani254
Shosho, kwenye mchoro nimelilaza paa mashariki-magharibi, ukingo mita 3 na nusu, tangi upande wa kusini. Mti sijauweka bado. Injinia anaogopa mizizi.

#51 Shosho_wa_Simu
Mche nimeshanunua, uko kwenye mkebe hapa mlangoni. Jumamosi njoo unionyeshe mahali ambapo hamtachimba msingi. Na umwambie mama wa chai aondoe birika lake kwenye lile jiwe.